Milembe Aliyekuja Bila Taarifa

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Popote ulipo, Somanda, Ipililo, Mwamapalala au kule ziwani Lamadi, sogea karibu na redio yako. Kama betri zimechoka, zianike juani kidogo, mimi nitaongeza sauti.

Leo tunamkumbuka Milembe binti Salu wa Mwamapalala. Alifariki wiki tatu zilizopita, baada ya kuugua siku nne tu. Alikuwa mkulima wa pamba. Alikuwa mama wa mtoto mmoja. Na alikuwa mke wa Maganga, askari aliyekwenda vita vya Kagera na hakurudi.

Jumamosi ijayo Chumba cha Vita, makumbusho yetu ya pale Somanda, kinatimiza miaka kumi na mitano. Hii itakuwa sherehe ya kwanza bila Milembe. Wapo watakaoshusha pumzi. Maana, tusidanganyane, mama huyu alikuwa mtu wa kushuku.

Tangu soko huria la pamba liingie, kila msimu wanakuja wanunuzi wapya na mizani yao na maneno yao matamu. Milembe alikuwa na jiwe. Alilipima parokiani, kilo kumi kamili, akalifunga kitambaa chekundu. Kabla hajapandisha pamba kwenye mizani, analipandisha kwanza jiwe. Mizani ikisema tisa, anajitwika mzigo wake na kuondoka, na wanawake wote waliokuwa nyuma yake wanaondoka naye. Mnunuzi mmoja alimwuliza kama mama yake hakumfundisha kuamini watu. Alijibu kwamba alimfundisha sana, ndiyo maana mama huyo alikufa maskini.

Sasa turudi nyuma. Mwishoni mwa mwaka sabini na nane, Maganga alipanda lori la jeshi. Alimwacha Milembe na binti wa miaka miwili, Mektilda. Maganga alikuwa na alama moja ambayo kijiji kizima kiliijua. Utotoni dume la kulimia lilimkanyaga mguu wa kushoto, tangu hapo akawa anakanyagia ukingo wa nje. Kila kiatu chake cha kushoto kililika upande huo. Ndala zililika hivyo, makobazi yalilika hivyo, na mabuti ya jeshi yalikuja kulika hivyohivyo.

Mwaka uliofuata, vita vilipokwisha, askari wawili walifika Mwamapalala na mabuti hayo pamoja na karatasi. Walisema Maganga ameanguka ng'ambo ya mpaka na amezikwa hukohuko. Milembe aliyageuza mabuti, akaona ukingo wa nje ulivyolika, akakubali kwamba ni ya mumewe. Kisha akauliza nani aliyeuona mwili. Wale vijana hawakuwa wameuona, walitumwa tu.

"Kiatu kinavuliwa," Milembe akawaambia. "Mtu anaweza kuvua viatu akaondoka zake."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Wakwe walitaka matanga. Milembe alikataa. Alisema halii mtu ambaye hajui kama amekufa. Mama mkwe alilia peke yake ndani ya nyumba. Shemeji zake wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke huyu hataki matanga kwa sababu hataki kurithiwa, labda ana mtu wake. Basi yeye anawashuku askari, na wakwe wanamshuku yeye. Miaka ikaenda hivyo, ya kwanza, ya pili, mpaka wa tano.

Mwaka themanini na nne, Nyanda alifungua Chumba cha Vita. Nyanda alikuwa mtunza stoo katika kombania moja na Maganga. Alirudi salama, na nadhani kurudi salama kulimtia haya. Akaomba chumba kimoja nyuma ya ghala la zamani la chama cha ushirika, akazunguka kwa baiskeli nyumba kwa nyumba akikusanya vitu vya vita. Alipata kofia za chuma, chupa za maji, barua, na redio moja iliyotobolewa na risasi.

Watu waliogopa kutoa. Mwenye akili ni nani atoe kumbukumbu ya mtoto wake kwa mtu wa baiskeli? Nyanda akatumia akili ya kwetu. Aliwaambia hachukui. Anafugishwa.

Msikilizaji wa mbali, ngoja nikueleze. Huku kwetu mtu akiwa na ng'ombe wengi humpelekea mwenzake baadhi awafuge. Mfugaji anakunywa maziwa, lakini ng'ombe si wake. Mwenye ng'ombe anaweza kuja siku yoyote, bila taarifa, akasema nataka kuwaona. Wote wanatolewa. Ikiwa mmoja amekufa, mfugaji anaonyesha ngozi. Akionyesha ngozi, hakuna neno tena. Asipokuwa nayo, yeye ni mwizi, hata kama ng'ombe aliliwa na simba kweli.

Kwa utaratibu huo Milembe alikubali kumkabidhi Nyanda mabuti. Lakini alimpa sharti. Alisema mabuti haya yana mwenyewe, akirudi atakuja kuyachukua.

Miaka kumi, wasikilizaji wapendwa. Miaka kumi alikuja bila taarifa. Alitembea kutoka Mwamapalala mpaka Somanda, mara tatu au nne kwa mwaka, na hakuwahi kusema anakuja lini. Nyanda akimwona mlangoni anasimama kama yupo gwaride.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Ng'ombe wangu wako wapi?"

Anapewa mabuti. Anatia mkono ndani, anageuza la kushoto, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa nje. Kisha anayarudisha na kwenda sokoni kununua chumvi. Mektilda, aliyekua akifuatana naye, ananiambia kwamba mama yake hakuwahi kukaa humo hata dakika kumi.

"Nilidhani tunakwenda kumwona baba," anasema Mektilda. "Nilivyokuwa mdogo nilijua baba anaishi Somanda, ndani ya viatu."

Ukaja mwaka tisini na tatu, na uvumi ukaja nao. Nyie mnakumbuka miaka ile. Kila kitu kilikuwa kinauzwa. Ghala linatafutiwa mnunuzi, mashine za chama zinatafutiwa mnunuzi, watu wanapita wanatafuta vyuma chakavu. Na kule Lamadi magari ya watalii yanapita kuingia Serengeti. Basi ikasemwa kwamba Nyanda anawauzia wazungu vitu vya marehemu. Nani aliona? Hakuna. Nani alisema? Kila mtu.

Milembe alisikia, akaendelea na pamba yake. Lakini usingizi ulipungua.

Mwaka tisini na nne Chumba cha Vita kilitimiza miaka kumi. Nyanda aliandaa sherehe kubwa, mwezi wa nane, pamba ikiwa sokoni. Kampuni mojawapo ya wanunuzi wapya ilileta soda na kitambaa kirefu chenye maandishi. Kwaya ya parokia ilikuja, ngoma zilikuja, mkuu wa wilaya alikuja. Familia zote zenye vitu mle ndani zilialikwa. Milembe, aliyezuiwa na kazi za pamba tangu msimu wa mvua, alikuja mapema, kabla ya wageni, akaingia peke yake na Mektilda.

Akatia mkono. Akageuza buti la kushoto. Akapitisha kidole gumba.

Ukingo ulikuwa sawa. Soli ilikuwa imelika katikati, sawasawa, kama ya mtu yeyote.

Mektilda anasema mama yake hakupiga kelele. Aliyarudisha mabuti mahali pake, yakitazama ukuta kama alivyoyakuta, akatoka nje na kukaa kwenye benchi.

Pale kwenye benchi akashuku mambo mawili. La kwanza, Nyanda ameuza. Hilo lilimkasirisha, lakini halikumtisha. La pili ndilo lililomtisha. Huenda mwenyewe amekuja. Huenda Maganga yu hai, amefika Somanda, amechukua mabuti yake kama sharti lilivyosema, na amemwomba Nyanda afiche kwa sababu ana mke mwingine huko alikotoka. Akakumbuka mwuza samaki aliyewahi kumwambia kwamba aliona mtu anayechechemea kule Lamadi. Miaka kumi na mitano alikuwa amelikalia tumaini hilo kama kuku juu ya yai. Sasa likaanza kugonga kutoka ndani.

Hotuba zikaanza. Mkuu wa wilaya akamsifu Nyanda kwamba chini ya mikono yake hata kifungo kimoja hakijapotea. Watu wakapiga makofi. Nyanda akainama kutazama viatu vyake mwenyewe. Milembe aliliona hilo, nalo akalishuku.

Akasimama. Hakuomba ruhusa.

"Nyanda, mwenye ng'ombe nimekuja kuona."

Nyanda akajibu kwa sauti ndogo kwamba ng'ombe wake wapo ndani.

"Wale si wangu. Mwenyewe amekuja kuwachukua?" Akamsogelea. "Niambie tu, shemeji. Hata kama ana mke. Hata kama ana watoto sita. Niambie yuko hai, nitakwenda nyumbani na sitakuuliza tena."

Wasikilizaji wapendwa, nimemhoji Nyanda juu ya dakika ile. Ananiambia kwamba angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Angemfurahisha yule mama, na yeye angetoka safi mbele ya mkuu wa wilaya. Alilitazama neno hilo, akaliogopa. Akavua kofia.

"Hajaja," akasema.

Milembe akasema lile ambalo kila mtu pale, mpaka mpiga ngoma, alijua maana yake.

"Basi nionyeshe ngozi."

Nyanda akaondoka kuelekea nyumbani kwake. Alikawia. Minong'ono ikaanza, wengine wakasema amekimbia, dereva wa mkuu wa wilaya akatumwa kuangalia upande wa pili. Nyanda alirudi na debe lililofunikwa gunia. Akalimwaga chini mbele ya Milembe. Zikatoka soli mbili za mpira, misumari, na vijichuma vya kupitishia kamba.

Akaeleza yote. Msimu wa mvua uliopita alikwenda kulima Ipililo, akafunga chumba miezi miwili. Mchwa wakaingia kwa chini. Walikula ngozi yote ya mabuti, wakaacha wasichoweza kutafuna. Alikusanya mabaki, mpaka msumari wa mwisho, kwa sababu anajua desturi. Lakini uvumi wa watalii ulikuwa umeshaanza. Nani angemwamini? Akaenda mnadani, akanunua mabuti ya mtumba yanayofanana, akayapanga mahali pale. Alisema alikuwa na ngozi akaificha kama asiye nayo, na hajui aliwezaje kuwa mjinga kiasi hicho.

Milembe hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameokota soli ya kushoto. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa nje. Akapitisha tena. Akakaa chini, mavumbini, na nguo yake ya sherehe.

"Ndiye," akasema. "Nimeonyeshwa ngozi, hakuna neno tena. Maganga amekufa."

Na akalia. Alilia kilio cha miaka kumi na mitano, akimtaja mumewe kwa jina, akimtaja na baba yake. Wanawake walichelewa kuelewa, kisha wakaelewa wote kwa pamoja. Wakajifunga kanga viunoni, wakaketi naye. Kwaya ikaacha nyimbo za sherehe, ikashika za msiba. Soda za kampuni zikanywewa na waombolezaji. Mkuu wa wilaya, nampa haki yake, alivua koti akakaa kwenye mkeka mpaka jioni.

Kesho yake soli zilipelekwa Mwamapalala zikazikwa. Matanga yakakaliwa. Mama mkwe alikuwa hai bado, mzee sana, na aliomba kulala chumba kimoja na Milembe siku zote za msiba. Hawakuwa wamelala nyumba moja kwa miaka kumi na mitano.

Bado lilikuwepo deni la mfugaji aliyeficha kifo. Wazee walitaka Nyanda atoe ng'ombe. Milembe alikataa ng'ombe. Alitaka karatasi. Alimsimamia Nyanda akiandika, na kwa kuwa hakuamini anachokiandika, alimwita Mektilda asome kwa sauti. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, chini ya mabuti ya mtumba. Inasema: "Viatu hivi si vya Maganga. Vya Maganga vililiwa na mchwa. Nyanda alificha."

Mtu angedhani aibu hiyo ingekifunga chumba. Ajabu yake, tangu karatasi ile iwekwe, familia nyingine kumi na moja zimekabidhi vitu vyao. Na Milembe hakuacha kuja. Hakuwa na kitu chake tena mle ndani, lakini alikuja, bila taarifa, akikagua kofia za watu na barua za watu, akiinua kila sanduku kutafuta mchwa. Alikuwa amegeuka mwenye ng'ombe wa wote.

Kwa Mektilda, kwa ukoo wa Salu na ukoo wa Maganga, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole nyingi. Mmeondokewa na mtu mgumu, na watu wagumu wanaacha nafasi kubwa. Mungu ampumzishe pale alipozikwa, kando ya mumewe.

Juzi nilimtembelea Nyanda. Nilimkuta anafagia kwa ajili ya Jumamosi. Nilimwuliza kama sasa ana nafuu. Aliegemea ufagio.

"Nikisikia hatua mlangoni bado nasimama," akasema. "Mimi ni mzee, ndugu mtangazaji. Nachoka, nasahau. Sasa nani atanishuku?"

Wasikilizaji wapendwa, tafakarini swali hilo. Wewe mwenye barua ya kaka yako pale Somanda, wewe mwenye kofia ya baba yako, umekwenda lini kuiona? Jumamosi kuna ngoma na hotuba, nendeni. Lakini nendeni na Jumanne, nendeni na siku ya mvua, siku ambayo hakuna anayewatarajia. Msipige hodi. Ingieni, mkamwulize Nyanda ng'ombe wenu wako wapi.