Alamu Iliyoniita Mwizi Mlangoni Kwangu

Mwenyekiti, na ninyi wote mlioketi kwenye madawati haya, nimekuja na karatasi. Mnajua mimi si msemaji. Niliishia darasa la saba, na kuandika haya kumenichukua jioni nyingi. Kwa hiyo nitasoma. Nikisoma polepole mnivumilie, mimi niliwavumilia kwa makubwa kuliko hayo.

Mwenyekiti aliniomba niwaeleze jinsi ya kuchagua alamu ya wizi, ile isiyo na waya ambayo mtu anaifunga mwenyewe, kwa sababu kikundi kinataka kununua moja kwa ajili ya nyumba linapolala sanduku letu la akiba. Akasema pia nitoe ushuhuda kidogo, watu watiwe moyo. Nitafanya yote mawili. Lakini siwezi kueleza alamu bila kueleza mlichonifanyia, na wengi wenu mnakijua vizuri kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nimelala kifudifudi. Sitataja jina la mtu. Msitazamane.

Nilitoka Ipogolo kule Iringa kuja hapa Iyunga kwa sababu mjomba wangu alihamia Usangu kulima mpunga, akaniachia nyumba yake nimtunzie. Nikapata kazi ya kufuma masweta ya shule kwenye karakana moja mjini. Nilikuwa naondoka kabla hakujapambazuka na kurudi giza limeingia. Nyumbani nilikuwa na mashine ya kufumia ya dada yangu. Dada aliipata kwa taabu, na mgongo ulipomshinda akanikabidhi mimi. Aliniambia nifume zangu jioni, nikipata wateja wa kutosha niache kazi ya watu. Hiyo mashine ndiyo ilikuwa maisha yangu yote ya mbele, na haikuwa yangu.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilikuwa siwasalimii. Nikimwona mtu anakuja koo linakauka, naangalia chini, napita. Kwetu walinizoea hivyo tangu mdogo. Hapa mlisema naringa, na kwa giza la kwenda na kurudi hamkuwahi kuniona sura.

Siku moja nilirudi nikakuta mlango umevunjwa. Wamebeba godoro, mtungi wa gesi na mabunda yangu yote ya nyuzi. Mashine waliiacha kwa sababu nilikuwa nimeikaza kwenye meza kwa skrubu, na meza haipiti mlangoni. Ila walikuwa wameanza kuifungua. Skrubu mbili zilikuwa sakafuni. Nikajua watarudi wakiwa na vifaa.

Nikajikaza, nikaenda nyumba ya jirani kuuliza kama kuna aliyesikia chochote. Baba mmoja alinijibu gizani, bila kuinuka kwenye kigoda chake wala kuniangalia.

"Dogo, mtaa huu una kelele nyingi. Mtu hawezi kukimbilia kila nyundo."

Mimi sikuwa nimetaja nyundo.

Nilirudi ndani nikakaa sakafuni pale godoro lilipokuwa, nikawachukia. Nasema wazi, niliwachukia mtaa mzima. Nikaamua nitanunua kitu ambacho hakuna mtu atakayeweza kusema hakukisikia.

Nilikwenda Mwanjelwa kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alinionyesha za aina tatu. Ya kwanza ina kamera, lakini inataka bando la intaneti kila wakati. Ya pili unaiwekea laini ya simu, mlango ukifunguliwa inakupigia wewe na watu wengine utakaowaandikisha. Ya tatu haina simu wala kamera. Ina kisanduku kimoja, sensa za kuhisi mlango ukifunguka, sensa moja ya kuona mtu akipita ndani, king'ora na rimoti mbili. Muuzaji alinishauri nichukue ya simu. Akaniuliza, jirani yako nani tumwandikishe hapa? Nikamwambia nataka hiyo ya tatu, na nikamuuliza kitu kimoja tu: ipi inalia kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Alamu haichaguliwi kwa ukali wa sauti. Ingekuwa leo, ningeuliza kama inampa mwenye nyumba muda wa kuizima baada ya kufungua mlango. Yangu haikuwa na muda huo. Ukifungua tu, inalia.

Niliifunga mwenyewe Jumapili moja. Sensa ya mlangoni ni vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kingine kwenye mlango. Vikikaribiana vinanyamaza, vikiachana vinapiga kelele. Sensa zote na kisanduku vilikuja na gundi ya pande mbili, lakini kuta za mjomba ni tofali la kuchoma lisilo na plasta, gundi ilishika vumbi na asubuhi ya baridi kila kitu kilikuwa chini. Nikatumia skrubu. Fremu ni ya chuma, na chuma kinasumbua ile sumaku, hivyo nikatanguliza kipande cha ubao chini yake ndipo ikatulia. King'ora nikakiweka nje, juu ya mlango, kikiwaelekea ninyi.

Ile sensa ya kuona mtu nikaiweka ikitazama dirisha. Hilo ndilo kosa la pili, na ndilo lililozaa mengine. Jua la saa sita likipiga bati la jirani, joto linaingia dirishani, pazia linacheza, sensa inadhani ni mtu. Ikawa inalia mchana, inanyamaza yenyewe, inalia tena. Mimi nipo mjini nafuma. Nikirudi jioni imenyamaza. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyezoea kusema na mimi.

Nikawa nakuta matope kwenye king'ora. Nikadhani ni wezi wamejaribu wakashindwa, nikafurahi. Siku nyingine nikakuta kimefunikwa gunia na kufungwa kamba. Nikafurahi zaidi. Nikatoa gunia, nikakipandisha juu wasikifikie tena. Kumbe ni ninyi. Na ninyi mkaona yule mtu anawafanyia kusudi, mkifunika anapandisha.

Mliita nyumba yangu Ambulensi. Mwenye nyumba mkasema ni mzee mmoja mwenye kiburi, wengine mkasema ana mali ya ajabu mle ndani isiyotakiwa kuonekana. Mjumbe wa mtaa alikuja Jumapili moja akabisha hodi. Nilimsikia. Nilikaa kimya kwenye kiti mpaka akaondoka, kwa sababu sikujua nitamwambia nini. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Kutosalimia ni kosa. Lakini si wizi.

Sasa nawaeleza siku yenyewe.

Nilishikwa na homa kazini, na bosi akaniambia nirudi nikalale. Ilikuwa mchana, mvua ilininyeshea kuanzia stendi mpaka mlangoni. Rimoti ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nikaibonyeza, kwa homa nikadhani nimesikia ule mlio wake mdogo wa kuzima. Nikatia ufunguo, nikafungua.

King'ora kikapasuka kwa mlio juu ya kichwa changu. Nikabonyeza rimoti. Nikabonyeza tena. Maji yalikuwa yameingia ndani yake. Safari hii mliona mtu mlangoni, na nilipogeuka mlikuwa mmeshajaa uani, wenye fimbo, wenye mawe. Siku waliyovunja mlango wangu hamkusikia. Siku niliyoufungua kwa ufunguo mlisikia wote.

Mmoja alinishika kola akaniuliza nafanya nini pale. Nikasema ni kwangu.

"Mwenye hii nyumba ni mzee," akasema mwingine nyuma.

"Kama ni kwako," akasema yule aliyenishika, "izime."

Nikabonyeza mbele yao wote. Ikaendelea kulia. Mtu akacheka, akasema mwizi wa siku hizi anakuja na rimoti ya televisheni. Nikataka kueleza habari ya mvua, lakini hofu ikanifutia Kiswahili chote kichwani, nikaanza kusema Kihehe. Hapo nikasikia, "Huyu hata si wa huku." Fimbo ya kwanza ilinipata begani.

Sitaeleza yote. Nilianguka, nikajikinga kichwa kwa mkono wa kulia, na mkono ndio uliopokea. Kilichonikaa mpaka leo si fimbo. Ni kwamba kile kitu nilichokinunua mwenyewe, nikakikaza kwa mikono yangu, kilikuwa juu yangu kinaniita mwizi bila kupumzika, na ninyi mkakiamini.

Kulikuwa na mama mmoja, ana mtoto mchanga. Yeye aliichukia alamu hiyo kuliko mtu yeyote, maana kila mchana ilimwamshia mtoto. Alikuja na mchi wa kinu, na baadaye aliniambia mwenyewe kwamba hakuja nao kutwanga mahindi. Alisukuma watu mpaka akafika nilipolala, akasimama juu yangu. Nikajua sasa ndio mwisho.

"Subirini," akasema. "Mlango ndio kwanza umefunguka, hajaingia. Mwizi hajui kilichomo ndani. Wewe, ndani kuna nini?"

Damu ilikuwa mdomoni. Nikasema, "Sweta."

"Sweta gani?"

"La bluu. Kola ya njano. Lina mkono mmoja. Lipo kwenye kiti."

Aliingia. Sijui alikaa muda gani, mimi naona ilikuwa mwaka. Akatoka amelinyoosha juu kwa mikono miwili, kama linavyoonyeshwa kwa mteja, bluu, kola ya njano, mkono mmoja. Akageuza ndoo ya mtu, akapanda juu yake, akaking'oa king'ora kwa mchi ule ule na kukitumbukiza kwenye pipa langu la maji ya mvua. Kikakoroma, kikanyamaza.

Ndipo nikasikia miguu. Mlikuwa mnaondoka. Mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaotoka msibani. Wawili tu walibaki kumsaidia mama yule kunibeba mpaka kwenye bajaji.

Hospitali walinifunga mkono. Karakana waliweka mtu mwingine mahali pangu, na siwalaumu, mfumaji asiye na mkono ni wa nini. Dada alikuja kutoka Ipogolo na mgongo wake mbovu, akanikuta nataka kurudi Iringa na kumwachia mjomba nyumba yake. Baadhi yenu mlikuja na uji na maneno laini, mkiuliza kama nimekwenda polisi. Uji niliurudisha. Dada akaniambia nilikuwa mjinga kurudisha uji, ningekunywa kwanza halafu niwafukuze.

Yule mama hakuleta uji wala pole. Alikuja na mtoto mgongoni, akaagiza sweta dogo, akasema atalipa bei kamili. Nikamwonyesha mkono uliofungwa. Akasema, "Mwingine si upo?" Basi dada akapanga nyuzi na kuhesabu mishono, na mimi nikasukuma mashine kwa mkono wa kushoto. Lilitoka limepinda kidogo. Siku iliyofuata mama akamvisha mwanawe, akapita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa dirishani, nilimsikia akibisha hodi mlango wa pili kutoka kwangu.

"Ulimpiga, hukumpiga?"

Yule mtu akawa anazunguka na maneno.

"Sikuulizi ulitumia nini. Nauliza ulimpiga. Basi utanunua sweta."

Ndugu zangu, nawaambia, walionunua walikuwa wengi kuliko niliodhani walinipiga. Wengine mmeyavaa hapa leo, nayatambua kwa mishono. Yale yaliyopinda ni ya mwezi ule.

Ndivyo nilivyosimama. Sikurudi kwenye karakana. Mashine ya dada ipo pale pale mezani, nafumia shule mbili sasa. Kidole kimoja hakikunjiki mpaka leo, lakini nimejifunza kukizunguka. Alamu niliifunga upya, na sensa ya ndani sasa inatazama ukuta wa chumba, si dirisha. King'ora kipo ndani. Kisanduku nilikibadilisha, nikachukua kinachonipa muda wa kuingia na kuzima. Rimoti moja naiweka kwenye mfuko wa nailoni. Ya pili anayo yule mama.

Namshukuru yeye, na hapendi nimshukuru, kwa hiyo nimemaliza. Namshukuru dada yangu. Nawashukuru wale wawili walionibeba, hata kama mmoja wao najua alikuwa na fimbo kabla hajanibeba. Wengine bado sijawasamehe. Tunasalimiana, na mimi ndiye ninayeanza, kwa sababu sitaki tena mtu yeyote wa mtaa huu aseme hanijui. Msichanganye salamu na msamaha.

Somo langu ni hili. Kabla hujapandisha king'ora ukutani, nenda nyumba za pande zote uonekane uso mchana, useme jina lako na kazi yako, hata kama koo linakauka. Na ninyi mnaosikia king'ora, kelele haijui nani ni nani. Haimjui hata aliyeinunua. Uliza kwanza.

Alamu ya kikundi nitaifunga, sitaki malipo. Lakini nina sharti. Siku nitakayoifunga mje wote, mchana, na kila mwanakikundi ataufungua ule mlango peke yake, alamu ikiwa imewashwa. Itamlilia. Atasimama pale kizingitini, na wengine wote mtamtazama usoni mpaka mumshike sura. Nitakuwa pembeni na rimoti, na nitaizima nikiona mmetosheka kumtazama.

Asiyetaka kusimama hapo, aseme sasa.