Theodosia, Aliyewatazama Watu wa Nyuma

Jumatatu tarehe 14 Machi 2016, Theodosia Melkiori Lihanga alimwona mwanawe wa kwanza, Jofrey, akizikwa kwenye televisheni. Ilikuwa tamthilia. Jofrey alikuwa mzima, yuko Dar es Salaam, na alikuwa amepewa kazi ya kulala ndani ya jeneza.

Marehemu Theodosia alizaliwa Lupiro tarehe 2 Februari 1957, mtoto wa tatu wa mzee Melkiori na mama Levina. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971.

Mwaka 1974 aliajiriwa jikoni kwenye mashamba ya miwa, Kidatu. Huko, Jumamosi za mwisho wa mwezi, wafanyakazi walionyeshwa sinema kwenye ukuta wa ghala uliopakwa chokaa. Wenzake walikariri majina ya nyota. Yeye aliwapenda wapita njia, wauza maji na waombolezaji wa safu ya mwisho, wale ambao hawakupewa neno la kusema.

Alifunga ndoa na Evarist mwaka 1980, Ifakara, wakahamia Mchombe kulima mpunga. Walipata watoto wawili, Jofrey na Ursula. Walinunua televisheni mwaka 2004, wakaiwasha kwa betri ya gari, na sebule ikawa ya majirani.

“Mama Jofrey,” jirani yake Oliva alimtania, “mwenye sinema analia, wewe unamtazama mbeba ndoo!”

“Mwenye sinema ana watu wa kumtazama. Huyu ana nani? Hebu ona anavyoitua ile ndoo. Maji yamo kweli.”

Jofrey alikulia kwenye mkeka wa sebule hiyo. Mwaka 2011 alikwenda Dar es Salaam kutafuta uigizaji, na kwa miaka mitano mama yake alimtafuta nyuma ya kila nyota.

Siku ile ya Machi jeneza lilipofunguliwa, Oliva alipiga yowe: “Yesu wangu, Jofrey!” Wanawake wakashika vichwa, wakalia. Waliopita barabarani walisikia kilio nyumbani kwa Evarist na hawakuuliza, kwa sababu kilio hakiulizwi. Kulipokucha watu walikuwa wanaingia na kuni na mchele, wengine kutoka Mofu. Mzee Evarist alisimama mlangoni akiwarudisha mmoja mmoja, akieleza kwamba hakuna aliyekufa.

Kisha akampigia mwanawe. “Umejizika, umewaliza watu bure, umeita kifo nyumbani kwangu. Nisikuone hapa.”

Nyuma yake Theodosia alisema kwa sauti ili asikike kwenye simu: “Jofrey, umelala vizuri, baba. Hata kope haikutikisika.”

Jofrey hakurudi. Mwaka 2019 namba yake iliacha kupatikana. Marehemu aliendelea kutazama kila tamthilia, ya zamani na mpya. Lakini hakucheka tena wala hakumsifu yeyote. Alikagua nyuso za watu wa nyuma, na zilipokwisha alikwenda kulala bila kungoja hadithi iishe.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa Ifakara na Dar es Salaam. Huko Dar es Salaam Ursula aliuliza habari za kaka yake kwa waigizaji aliowapata, na hakuna aliyemkumbuka. Juni mosi mwaka huu wa 2025, akiwa wodini Ifakara, marehemu alimwomba Ursula amgeuze upande wenye televisheni.

“Yule wa nyuma, mwenye shati la bluu. Siye?”

“Siye, mama.”

“Basi zima.”

Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni, alfajiri.

Ameacha mume, Evarist. Watoto wawili, Jofrey na Ursula. Na wajukuu watatu. Mungu ampe pumziko ambalo hapa hakulipata.

Jumatano mzee Evarist aliomba tangazo la msiba lisomwe redioni likiwa na maneno haya: “Jofrey, baba amesema uje.” Lilisomwa asubuhi na jioni. Hadi ratiba hii ya mazishi inachapishwa, Jofrey hajafika. Baada ya sala, udongo wa kwanza, ambao kwa desturi yetu ni wa mtoto wa kwanza, utawekwa na Ursula.