Kiti cha Shangazi

Muuza mayai hakukusudia kusikiliza ya watu, lakini kijana aliyekaa mbele yake kwenye basi alikuwa kavaa suti ya harusi, simu kaiweka spika. Gari la kukodi lilikuwa limpeleke bibi harusi ukumbini, kisha limfuate yeye, ila halikurudi.

"Tumefika, mwanangu, ila milango ya gari imejifunga, mimi na bibi harusi tumo ndani," sauti ya shangazi ilisema. "Dereva yuko nje anatuzunguka tu."

Fundi magari aliyekaa kando akadakia, "Kaka, viti vyake vinajaa upepo?"

"Ndiyo, vinakanda mgongo."

"Basi kimoja kinavuja! Pampu ni moja, ya viti na ya milango. Mwambie azime kiti, milango itapata upepo."

Bwana harusi akamwambia. "Nizime?" shangazi akang'aka. "Mgongo huu unaniuma tangu baba yako hajaoa!"

"Shangazi, watu wanatusubiri!"

"Si wamekaa? Na mimi nimekaa."

Muuza mayai alicheka hadi trei ikatikisika mapajani. Basi likasimama mbele ya ukumbi. Dirishani akaliona gari: bibi harusi anagonga kioo kwa kiatu, na kando yake shangazi, macho kayafumba, anatabasamu.