Mzee Sikio Astaafu, Taa za Gia Zabaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mkufunzi mkuu wa shule yetu ya udereva wa uwanjani anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mzee Sikio. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo ofisini, lakini hata mhasibu akiliona huuliza huyu naye ni nani. Meneja ameniagiza mimi, fundi umeme wa karakana, niandike wasifu huu, kwa hoja kwamba nimebishana na Mzee kuliko mtu yeyote hapa, kwa hiyo namjua vizuri. Sijui kama ni heshima au ni adhabu, ila nimekubali.

Mzee aliingia hapa akiwa kijana mwembamba, kazi yake kubadilisha matairi. Wakati huo shule ilikuwa na magari mawili, banda la mabati na kipande cha lami chenye kona za kutosha kumtapisha mgeni. Wateja walikuwa kama walivyo leo: watu wenye magari ya spoti ya gia za mkono, wanaotaka kuyakimbiza mahali ambapo hawatagonga mtu. Siku moja mkufunzi wa enzi hizo aliacha kazi ghafla, baada ya mwanafunzi kumzungusha mara mbili kwenye kona ileile. Kijana wa matairi akaombwa akalie kiti cha abiria kwa wiki moja tu, mpaka apatikane mtu. Mtu hajapatikana mpaka leo.

Mafunzo yake yalikuwa na kanuni moja: macho kwenye kona, sikio kwenye injini. Mshale wa mizunguko ya injini ulioko kwenye dashibodi aliuona kama pambo. Asubuhi ya kwanza ya kila kozi aliwapanga wanafunzi darasani, watu wazima na heshima zao, akawaamuru wavume kama injini. Wanavuma, sauti inapanda, mkono wa Mzee nao unapanda. Ikifika mahali pa kubadili gia anapiga meza, wote wanashusha sauti na kuanza upya. Mimi siku yangu ya kwanza kazini nilipita dirishani nikaona mkurugenzi wa benki, mwanasheria na daktari wa meno wamesimama mstari mmoja wakinguruma. Nilirudi getini kumuuliza mlinzi kama nimeingia mahali sahihi. Mlinzi akaniambia nisiwe na wasiwasi, hao walikuwa gia ya tatu tu.

Ugomvi wetu ulianza nilipofunga taa za gia kwenye magari ya shule. Kwa wasiozijua, ni safu ya taa ndogo juu ya dashibodi. Injini ikipanda zinawaka moja moja, kijani, njano, halafu nyekundu, na nyekundu maana yake ni panda gia sasa hivi, injini isije ikafika kikomo chake ikajikata. Mzee alizitazama, akauliza kwa upole kama mwaka ujao nitaleta na taa ya kumkumbusha dereva kupumua. Kuanzia hapo kila asubuhi alizifunika kwa tepu nyeusi, na kila mchana mimi niliibandua. Mtunza stoo alidhani kuna mwizi wa tepu, akanunua kufuli.

Hoja yangu ilikuwa rahisi. Dereva amevaa helmeti, upepo unavuma, matairi yanalia, na pembeni kuna mwenzake anayenguruma. Sikio linazidiwa. Akiinamisha macho kutafuta mshale, kona haimngojei. Taa hazihitaji kutazamwa, zinamkuta mtu pembeni mwa jicho huku akiangalia aendako. Hoja ya Mzee nayo ilikuwa rahisi: anayezoea taa anaanza kuzisubiri, na anayesubiri haendeshi, amekaa tu kwenye gari linalokwenda mbio. Kubishana naye kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa, ingawa naambiwa yeye alisema hivyo hivyo kunihusu.

Kisha uwanja wenyewe ukaamua kutoa ushahidi. Yule daktari wa meno, mvumaji bora wa kozi yake, alikuwa sehemu iliyonyooka pale gari lenye kelele zaidi lilipomfikia ubavuni. Akasikia injini imefika mahali pake, akakanyaga klachi, akapanda gia kwa ufundi kabisa. Tatizo ni kwamba injini aliyoisikia haikuwa yake. Alikuwa amebadilisha gia kwa ajili ya jirani. Gari lake lilibaki linakohoa huku wenzake wakimpita, na karakana nzima tulikaa wiki tunacheka. Mzee alitamka kwamba mwenye kosa ni jirani, kwa kupiga kelele barabarani.

Sikupata muda wa kufurahi. Wiki iliyofuata mwanasheria aliendesha gari lenye taa zangu. Kupanda gia alipanda vizuri mno, nyekundu ikiwaka tu na mkono umeshafika. Lakini mwisho wa sehemu iliyonyooka kuna kona, na hapo mtu hushuka kutoka gia ya tano kwenda ya nne. Yeye mkono ulikwenda ya pili. Injini ilipiga yowe lililomtoa mpishi wa kantini nje, valvu zikapinda, gari likarudi linavutwa kwa kamba. Mwanasheria akashuka, akaniuliza bila mzaha kwa nini taa haikumwonya. Mzee alikuwa pale pale. Hakucheka. Aliniletea kiti nikae, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angecheka.

Basi meneja akaamua nusu ya magari yawe na taa na nusu yasiwe nazo, na gari la mafunzo la Mzee, lile la rangi ya chungwa, likabaki bila. Kila mtu akashika njia yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mlilijua na hakuna aliyelisema. Miaka hii miwili iliyopita, Mzee alianza kuchelewa. Alikuwa akisema "panda" wakati injini imeshaanza kujikata na gari linadundadunda. Alilalamika kwamba injini za siku hizi zinanong'ona. Kantini alianza kuitikia salamu ambazo hazijatolewa na kuzipita zilizotolewa. Shule ina kanuni kwamba mkufunzi asiyesikia injini hakalii kiti cha abiria, kwa sababu kosa la mwanafunzi husikika kabla halijaonekana. Kanuni hiyo aliipendekeza Mzee mwenyewe. Ingefuatwa, angehamishiwa mapokezi kugawa helmeti mpaka siku ya kustaafu. Hakuna kati yetu aliyetaka kumwona mtu yule akimaliza utumishi wake nyuma ya kaunta.

Ndipo fundi wa ekzosi, mtu asiye na maneno mengi, alipoitoboa sailensa ya gari la chungwa. Tundu dogo tu. Mzee alirudi kutoka uwanjani anatabasamu, akasema gari limepona. Baada ya miezi michache akaanza tena kuchelewa, na fundi akaongeza tundu. Wanajua wenyewe waliomshikia tochi. Kufikia mwaka huu ndani ya bomba hakukuwa na kitu, ni bomba tupu, na gari likiwashwa vioo vya ofisi vilitetemeka. Meneja alianza kupanga mikutano yake kufuata ratiba ya Mzee.

Lakini hakuna lisilo na mwisho. Nyuma ya ukuta wetu kuna kliniki ya wazazi. Mkunga mkuu alikuja mwenyewe, sare yake nyeupe imenyooka, akamweleza meneja kwa sauti ya chini kabisa kwamba kuna gari hapa linalowaamsha watoto aliotumia asubuhi nzima kuwalaza. Hakutisha wala hakufoka. Aliongeza tu kwamba akina mama wameomba kumwona dereva. Meneja akaamuru sailensa mpya ifungwe kabla ya Jumatatu.

Jumatatu hiyo kila mtu alikuwa na kazi karibu na uzio wa waya wa uwanja. Wapaka rangi walipaka nguzo iliyokwishapakwa. Mzee alipanda na mwanafunzi mpya, binti mmoja wa benki. Gari la chungwa lilipita mbele yetu kimya, kistaarabu, halafu likaanza kudunda, injini inajikata na kujikata mpaka mwisho wa sehemu iliyonyooka, na tulijua kwamba ndani yake hakuna aliyesema "panda". Likarudi likapita tena vilevile. Kisha likaingia karakana. Mzee alishuka, akamwambia binti kwamba ameendesha vizuri na kosa halikuwa lake.

Akaja kwenye chumba changu cha kazi, akafunga mlango, akakaa juu ya betri kuukuu. Nilijiandaa kwa utani wa tepu. Badala yake akaniambia alijua habari za bomba tangu tundu la kwanza, maana gari haliponi lenyewe. Alinyamaza tu kwa sababu alipenda kwamba tunampenda. Halafu akaniita kwa jina alilonibandika mwenyewe, akasema:

"Binti Umeme, zile taa zako. Nifungie upande wangu."

Nilikuwa nimeungoja ushindi huo miaka mingi, na nilishaandaa hata maneno ya kumchekea. Ulipofika sikuutaka. Nilimwambia nitazifunga leo leo, nikainama kutafuta nyaya ambazo zilikuwa mezani mbele yangu.

Nilizifunga chini, karibu na goti lake, mwanafunzi asizione. Angeweza kuishia hapo, na wanafunzi wangeendelea kuyasifu masikio yake. Lakini Mzee alikwenda kwa meneja kujishtaki mwenyewe, akiwa na karatasi ya kanuni yake mfukoni. Meneja akasema kwanza waende mzunguko mmoja. Walikwenda mitano. Waliporudi, meneja, ambaye kwa kawaida hubadili gia kama anayechota uji, alikuwa anatokwa jasho na anacheka, na akaamua kwamba kanuni ilimtaka mkufunzi ajue injini iko wapi, si lazima ajue kwa njia gani. Mzee akabaki kwenye kiti chake.

Kuanzia kozi iliyofuata alisimama mbele ya darasa na kusema wazi kwamba hasikii vizuri, wao wanasikia, kwa hiyo watasaidiana. Mwanafunzi anabadili gia kwa sikio, Mzee anatazama taa kwenye goti, na mwisho wa mzunguko anamwambia wapi aliwahi na wapi alichelewa. Kushuka gia anawafundisha kwa kuwawekea mkono juu ya mkono mpaka tabia ya kurukia gia ya pili iwatoke. Nasema kwa uchungu kidogo kwamba hao ndio wanafunzi bora tuliowahi kuwatoa. Mnaoniuliza nani alishinda ule ubishi, Mzee amekwishatoa hukumu: taa ni shahidi mzuri, ila shahidi hafundishi mtu kuendesha. Nimekubali, kwa sharti kwamba na yeye akubali kuwa kesi bila shahidi ni kelele tu.

Yaliyobaki aliyamaliza mke wake, mama mwenye saluni ambaye hana muda wa kubembeleza. Alimwambia mumewe kwamba televisheni yao yeye huisikia vizuri zaidi akiwa kwa jirani, na kule anapewa na chai. Mwezi uliopita alimshika mkono mpaka kwa daktari wa masikio, na Mzee akarudi kazini na vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. La kwake lilikuwa limefunga kwa miaka, na siku ile lilikula likashiba. Kabla ya saa ya chai alikuwa amewaita vijana wa matairi kuwauliza maana ya majina fulani waliyozoea kumwita nyuma yake.

Mchana nilimwona amesimama kwenye uzio wa waya, sehemu iliyonyooka, ameupa uwanja mgongo na kufumba macho. Daktari wa meno alikuwa mazoezini. Gari likapita, gia ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja mahali pake. Nilimsogelea taratibu. Alikuwa analia, na hakujaribu kuficha.

"Kumbe hazikunyamaza," aliniambia. "Ni mimi niliyekuwa mbali."

Kwa hiyo tunamuaga mtu ambaye masikio yake yamerudi wiki chache tu kabla ya kuondoka. Nimemsihi meneja amwongezee mwaka, meneja amemsihi pia, na Mzee amekataa. Anasema kuna sauti nyingine zilizompita nyumbani, ya mkewe kwanza, na anataka azisikie kabla hazijachoka kumwita. Mama amesema tusimcheleweshe.

Mzee wetu, asante kwa kila gia uliyotupandisha na kila moja uliyotuzuia kuiharibu. Asante kwa kunibishia. Karakana itakuwa kimya bila wewe, na kimya hicho hatukipendi. Nenda ukaishi vizuri, uishi sana, katika nyumba yenye kelele nyingi, na usikose kuisikia hata moja.