Dorika Alute na Moyo Uliokosa Msukumo

Ndugu waombolezaji, Dorika alizaliwa tarehe 2 Mei 1975 katika kijiji cha ujamaa cha Sepuka, mtoto pekee wa Ndugu Alute Mughwai na mkewe Kristina, akabatizwa Julai mwaka huohuo, na tangu mwanzo midomo yake iligeuka zambarau kila aliponyonya, mama yake akidhani ni baridi.

Kristina alihamia Sepuka Agosti 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, akiwa juu ya lori pamoja na vyungu, mtama na kuku aliyekuwa akiatamia, wala hakujua kwamba ni mjamzito. Mayai yote yalikuwa viza, maana hapa kwetu kila mtu anajua yai lililotikiswa halitoi kifaranga, na Dorika alipoanza kuzimia, bibi yake, Martha, alisema mbele za watu kwamba huyu naye alitikiswa tumboni, neno hilo likamwingia Kristina na halikutoka tena.

Machi 1978 daktari wa hospitali ya misheni alieleza kwamba moyo wa mtoto tumboni huanza kama mrija, hupiga kabla haujakamilika, na damu inayopita ndiyo inayosukuma kuta zake na kuupanua, kama maji ya mvua yanavyochimba korongo. Palipopita damu kidogo hubaki pembamba, na kwa Dorika ni njia ya kwenda mapafuni. Lori aliloulizia Kristina, akasema, halihusiki. Kristina akauliza moyo huo huanza lini, akajibiwa ni wiki za mwanzo kabisa, kabla mama hajajitambua, naye akahesabu kurudi nyuma, akafika Agosti, mwezi uleule wa lori.

Desturi inatutaka sasa tusome habari za shule, kazi, ndoa na watoto, lakini Dorika hana hayo. Alipenda uji wa mtama, na akichoka kukimbia alichuchumaa hadi pumzi imrudie, wenzake nao wakichuchumaa wakidhani ni mchezo.

Alifariki tarehe 11 Novemba 1979, akiwa mgongoni mwa mama yake, njiani kwenda hospitali.

Tunawashukuru waganga, majirani wa nyumba kumi waliochimba kaburi, na wenzetu wa shamba la kijiji walioacha majembe wakaja.

Kristina alitaka isomwe hapa kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe, nasi tukakataa katakata, kwa kuwa si kweli, akaomba basi walau tumwombee radhi kwa marehemu, na hilo lilitushinda kukataa. Dorika, mama yako anakuomba radhi. Lala kwa amani, mwanetu.