Sajini Geti na Daftari Chini ya Mguu wa Meza

Kwanza, aliyelikunja daftari la Sajini akalisukuma chini ya mguu wa meza ya kaunta ili meza isicheze, ajue nimeshalitoa kabla wageni hawajakaa. Namjua. Pale nafagia kila asubuhi, na sifagii nimefumba macho. Meza ikicheza, seremala yupo, akate kibao. Lile daftari si kibao.

Sasa niseme nililoombwa. Sajini wetu, huyu mnayemwita Sajini Geti naye akaitika, anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na nne ya upolisi. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa kituoni, na chai yake nimeimimina mimi. Karani alikwisha kuandika wasifu wake: mchapakazi, mwadilifu, mwenye nidhamu. Nikamwambia, mwanangu, hayo hata punda wa mkokoteni unaweza kumwandikia. Mkuu wa kituo akacheka, akasema basi Bibi aandike yeye. Darasa niliishia la nne, lakini macho ninayo.

Alianza kazi akiwa konstebo mwembamba, suruali kaifunga kwa kamba kwa sababu ghala halikuwa na mkanda wa kumtosha. Wito wake wa kwanza ulikuwa nyoka bafuni. Mwenye nyumba alishikilia kwamba nyoka akamatwe na afunguliwe kesi ya kuingia bila ruhusa. Konstebo alimtoa kwa ufagio, akaandika kitabuni: "Mtuhumiwa ametoroka." Alipanda akawa koplo, kisha sajini. Mara mbili walitaka kumhamishia ghalani akakae kwenye kiti cha kuzunguka. Akakataa. Alisema ghalani simu hailii.

Maana huyu mtu hakai. Simu ikilia ameshainuka, mkono mmoja kofiani, mwingine mlangoni, chai inabaki inatoa moshi peke yake. Katika miaka kumi na tisa hajamaliza kikombe hata kimoja. Mwanzoni nilidhani chai yangu ni mbaya.

Na simu zenyewe mnazijua. Jirani kafungulia muziki, ndugu wanagombea kabati la marehemu baba yao, mlevi kalala kwenye kitanda kisicho chake na anadai hao wengine ndio wavamizi. Watu wakishikwa na hofu hawajui kuelekeza. "Njooni haraka." Wapi? "Hapa." Hapa wapi, mama? "Hapa nyumbani." Mtaa wetu nyumba hazina namba, kwa hiyo mtu hutaja geti lake: la bluu, jeusi, lenye kutu. Hapo ndipo lilipotoka jina lake, na hakulipata kwa raha.

Miaka kumi na sita iliyopita mama mmoja, fundi cherehani, alipiga simu mchana. Shemeji yake alikuwa anavunja mlango. Akasema, "Geti la kijani." Sajini alilijua geti la kijani, lilikuwa moja tu mtaa mzima, la mwalimu mstaafu. Akakimbilia huko. Mwalimu hasikii vizuri. Alimkaribisha, akamwonyesha kuku, Sajini akapekua mpaka uvunguni. Dakika ishirini zikapotea. Kumbe mwalimu alipopaka geti lake rangi ilibaki robo kopo, akampa jirani yake fundi, naye akapaka la kwake siku tatu kabla. Sajini alipofika kwenye geti la kijani la pili, mkono wa kulia wa yule mama ulikuwa umeshavunjwa. Mpaka leo anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto.

Hakuna aliyemlaumu. Yeye alinunua daftari la kurasa mia mbili.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi anatembea mtaa kwa mtaa akiandika mageti. Anaandika kwa penseli, kwa sababu rangi hubadilika na watu huhama. Nimelisoma. "Geti jeusi, mbwa mkali, anaogopa mwavuli." "Hakuna geti, kuna gunia." "Mzee hasikii, gonga dirisha la kushoto." "Geti la kahawia, mchoraji kachora jogoo, mkia haujaisha." Vijana walimcheka. Walimuuliza kama anataka kuoa mojawapo ya mageti hayo. Ndipo likazaliwa hilo jina la Sajini Geti.

Halafu mwaka juzi, saa nne asubuhi, akapiga simu mtoto wa miaka mitano kwa simu ya mama yake. "Mama kalala jikoni, haamki." Mtaa haujui, jina la baba analijua kuwa ni Baba. Sajini akamuuliza taratibu, mjukuu wangu, mlangoni kwenu kuna nini? Mtoto akasema, "Kuna jogoo hana mkia." Hakufungua hata daftari. Dakika saba walikuwa wamefika, na mama yule, sukari ilikuwa imemshuka, akawahishwa hospitali akapona. Leo amealikwa. Mpeni kiti chenye mgongo, msimkalishe kwenye benchi.

Cheti cha utumishi bora kimetundikwa juu ya kabati, kila mtu anakiona. Mimi ninachokihesabu ni huyo mama.

Sasa ndipo roho yangu isipotulia. Jumatatu Sajini alimkabidhi daftari konstebo kijana tunayemwita Ramani. Alilishika kwa mikono miwili kama anakabidhi mtoto. Ramani akasema, "Afande, siku hizi ramani iko kwenye simu." Akalipokea kwa adabu, na Jumanne nikalikuta chini ya mguu wa meza. Jumatano ukaja wito wa kweli, ramani ya kwenye simu ikawapeleka nyuma ya ukuta wa kiwanda cha mbao, ikawaambia mmefika. Wamefika wapi? Waliokuwa wanapigana walipatana wenyewe kwa kuchoka. Safari hii ilikuwa ngumi za ndugu wawili. Sisemi zaidi, lakini fundi cherehani bado anaishi peke yake, na shemeji yake katoka jela mwezi uliopita.

Sajini aliliona daftari lilipokuwa. Tangu hapo anakaa barazani, anainuka, anakaa, simu ikilia mkono unaenda wenyewe. Mkewe ameniambia, "Mnaniletea mtu huyu nyumbani, atazifungulia sufuria zangu jalada la kesi." Nikamwambia shoga yangu, mpe bustani, lakini usimpe kengele.

Baba, umefanya kazi. Kituo kinakushukuru, na watu waliokuona ukiingia getini mwao wanakushukuru zaidi. Uende ukaishi vyema, miguu ipumzike, mke akuchoke kwa wema. Kikombe chako kiko mezani, nimekifunika na kisosi. Leo kaa ukimalize. Simu ikilia, usiguse.

Ramani ndiye atakayegusa. Na wewe Ramani, usijifanye unatazama viatu. Kesho Jumamosi, saa mbili kamili, uwe hapa na viatu vya kutembelea, si vya gwaride. Daftari nimelipiga pasi, penseli nimeichonga, vyote vimo kwenye droo ya juu. Anzia kwa fundi cherehani. Juzi amepaka geti lake upya, na si kijani tena. Rangi gani, sikwambii. Nenda ukalione kwa macho yako, uandike, ndipo urudi kunywa chai.