Deusdedit Kamuhabwa, Aliyewachanja Mbwa wa Mafia

Marehemu Deusdedit Kamuhabwa alizaliwa tarehe 12 Machi 1963 huko Muleba, mtoto wa nne wa Mzee Evaristo na Mama Specioza. Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari mjini Bukoba, na mwaka 1986 alihitimu mafunzo ya mifugo Morogoro.

Mwaka 1998 alihamishiwa Mafia, hifadhi ya bahari ikiwa bado changa. Wengine walishughulika na samaki. Yeye alipewa ng'ombe, mbuzi, na mbwa wachache wanaofukuza nguruwe mwitu mashambani. Mwaka 2000 alifunga ndoa na Mwalimu Brightness hapa Kilindoni.

Mwaka 2009 wakulima watatu wa kisiwa kidogo cha Chole walipata homa, macho yakawa ya njano. Mmoja alifariki. Ilikuwa homa ya mgunda, inayoenea mkojo wa panya au mbwa unapoingia majini. Marehemu akaanza kuchanja mbwa. Mjane wa yule mkulima aliyefariki, Bi Mwanahalima, alikuwa ameachiwa mbwa wa mumewe.

"Shikamoo, bibi. Nimemfuata mbwa."

"Marahaba. Mimi simgusi, baba, ni najisi. Lakini kamba nitakushikia. Mdunge."

Aliishika kwa mikono miwili, uso kaugeuzia pembeni, hadi sindano ikatoka. Marehemu alikisimulia kisa hicho kila alipotaka kuacha kazi.

Na alitaka kuacha mara nyingi. Kila mbwa alihitaji dozi mbili, kisha kila mwaka tena. Mwaka 2014 boti iliyoleta dozi ya pili kutoka Nyamisati iliharibika njiani, barafu ikayeyuka, chanjo zote zikaharibika. Alikaa mlangoni, viatu vya matope miguuni, akamuuliza mkewe:

"Mama Happy, nianze upya mimi?"

Mwezi uliofuata alianza upya.

Mwaka 2018 glavu ziliisha, akaendelea mikono mitupu. Homa ile ile ikamkamata. Alipona, lakini figo zake hazikurudi sawa. Alistaafu Machi 2023 akiwa tayari mgonjwa. Tarehe 19 Septemba mwaka huo, asubuhi, alimuuliza mkewe, "Chanjo za Chole zimekwenda?"

"Kijana wako wa kazi, Shaabani, kavuka nazo."

"Basi," alisema, akafumba macho. Saa nne alifariki.

Ameacha mjane, watoto wawili, Happy na Sospeter, mjukuu mmoja na dada yake, Mama Aurelia. Tangu ule mwaka wa 2009, Chole haijazika tena mtu wa homa hiyo.

Ee Bwana, mpumzishe. Alichoka kweli.